Kinga ya kukunja ya pembe tatu, okazio ya Bulaya: nichukue ao niache? (Lubumbashi)

Mutu_wa_BelAir
Jambo yenu bakubwa, jambo bandugu. Niko naomba mawazo juu ya kinga (baiskeli) moja nimeona kwa mutu mwenye kuuzisha bintu ya Bulaya. Haiko kinga ya kawaida. Ni mabomba matatu tu yanafanya pembe tatu, magurudumu madogo, haina sheni, iko na mukanda ya meno sawa ile ya ndani ya moteri ya gari, na ku bomba wameandika Strida. Ukikunja inakuwa ndefu na nyembamba, unaisukuma ku magurudumu yake. Anaomba dola 120. Mimi nakaa Bel-Air, kazi iko mu santre upande wa Poste, njia fupi na haina mulima, lakini asubui taksibusi zinakuja zimejaa tayari na ku kazi hakuna mahali pa kuacha kinga inje, wataiba, njo maana nataka ya kukunja niingize mpaka mu biro. Woga yangu ni moja: ikiharibika, nani ataitengeneza hapa kwetu?

Fundi_Komini_Kenya
Ndugu, umbo isikutishe, mabomba haina shida. Kwanza soma namba ku ubavu wa mupira. Ukiona 305, kwa mfano 40-305, furahi, ni saizi 16 ya kinga za batoto, mupira ya inje na ya ndani unapata ku soko yoyote. Ukiona 349 hiyo nayo wanaita 16 lakini haiko moja, hata ukamate na nguvu haiingii, ile ni ya Brompton, kinga ingine ya kukunja ya Waingereza, na hapa kuipata ni taabu.
Kisha mukanda. Hapo usiharakishe hata muuzaji akinuna. Sheni ikikatika naunga hapohapo, mukanda haiungwi, ikikatika umemaliza. Zungusha pedali polepole uangalie jino moja moja, ufa ku muzizi wa jino, nyuzi zinatoka ku pembeni, jino imelika upande moja. Chini ya puli ya nyuma kunapashwa kuwa karulo kadogo kenye kuzuia mukanda isiruke, uangalie kama kangali pale. Panda, kisha kanyaga na nguvu ukianza kutembea, ukisikia inaruka "tak" ujue mukanda imelegea ao imechoka.

Yaya_wa_Bruxelles
Leki yangu, hiyo kinga naijua, nimeipanda sana hapa Ubelgiji. Iliumbwa na Mwingereza mmoja Mark Sanders wakati alikuwa anasoma Royal College of Art ya London, ikaanza kuuzwa mwaka 1987, kwa hiyo ziko za zamani kabisa na ziko za juzijuzi. Uangalie fren: kama ni za diski, ni ya juzijuzi, afazali hiyo, ya zamani sana hata huku kupata vipande inasumbua.
Uzuri wake, mukanda haitaki mafuta, suruali ya kazi inabaki safi. Tena magurudumu yameshikwa upande moja tu, mupira ikitoboka unaziba bila kutoa gurudumu, hii kinga ya kawaida haina. Ubaya wake gido (usukani) ni nyepesi mno, siku za kwanza inayumba, usiachilie mukono moja kuonyesha kwamba unakata njia mpaka uizoee. Na usisimame ku pedali ukivuta gido sawa vile tunafanya ku kinga ya kawaida, haikutengenezwa kwa ile. Na nyingi yake vitesi (gia) iko moja tu.

Wa_Kadutu
Vitesi moja? Huku Bukavu tungeisukuma kutoka asubui mpaka mangaribi 😂 lakini Lubumbashi ni plati, kwenu inaweza.

Mama_Ruashi
Mwanangu, mimi naona bengine wanasahau njia yenyewe. Gurudumu ndogo inaingia mu shimo nzima nzima, ile kubwa inapita juu. Wakati wa mvua shimo inajaa maji hauioni, na pembeni kuna baba wa makala na kinga zao zimebeba mpaka juu hawawezi kukukimbia, magari nayo inakusukuma. Kama unapita ku goudron tu, sawa. Kama kuna kipande ya udongo, vumbi yetu nyekundu na vijiwe vitaingia mu mukanda kila siku. Mimi ningetafuta ya kukunja yenye magurudumu 20, ile ya 406, mupira yake ni moja na ya BMX, iko na sheni, fundi yeyote anaijua. Inakunjika kubwa kidogo, basi, lakini utafika.

Mutu_wa_BelAir
Aksanti sana mama, aksanti yaya na fundi. Kwetu kipande ya udongo ni fupi, pale naweza kushuka nisukume. Kesho narudi kuiangalia. Fundi, ile mahali mabomba inakutana mbele, nikishika inacheza kidogo, ni kawaida?

Fundi_Komini_Kenya
Hapana, hiyo haiko kawaida! Pale mbele bomba ya chini inaingia ku kitufe na inafungwa na kilokó (kifungio), njo hapo unaifungulia ukikunja. Ikifunguka uko njiani, unaanguka na uso. Funga, sikia kama inalia, kisha simama pembeni, kamata bomba ya mbele na mukono moja na ya chini na ingine, tikisa. Ikicheza hata kidogo usipande, na usikubali mutu akuambie atachomea, pale ikichomewa haikunjwi tena.

Mutu_wa_BelAir
Nimerudi kuiona. Mupira ni 305, fren ni diski, karulo kako. Lile la mbele halikuwa limeisha, ni vumbi ilijaa mu kilokó, tumesafisha sasa inalia vizuri na haichezi. Lakini mukanda iko na ufa ku meno kazaa. Ameshuka mpaka dola 70.

Yaya_wa_Bruxelles
Hesabu bei ya mukanda mupya ndani ya hiyo 70, usihesabu kinga peke yake. Piga picha ya mukanda na uhesabu meno yake yote, unitumie, urefu haiko moja ku modeli zote. Nikiipata huku nampa mutu mwenye anashuka. Lipa kwanza avansi kidogo tu, akuwekee.

Mutu_wa_BelAir
Sawa yaya. Nimempa dola 10, ameniwekea mpaka mwisho wa mwezi. Meno nahesabu leo mangaribi, picha inakuja.