Nimejengewa meno ya mbele kwa resini, na kazi yangu ni kuonja kahawa. Naombeni ushauri wa kula na kunywa

Mwanameru wa Moshi:
Habari za jioni wakuu. Nimekulia Maji ya Chai, Arumeru, kwa hiyo wa kaskazini mtaelewa nikisema meno yangu ya mbele yaliota na madoa ya kahawia kwa sababu ya floraidi, yale madini yaliyozidi kwenye maji ya kwetu. Picha zangu zote za shule nimefumba mdomo. Leo mchana nimetengenezewa manne ya juu. Daktari kayasugua kidogo, kapaka tindikali, kaosha, kapaka gundi, halafu kajenga resini ya rangi ya jino tabaka kwa tabaka huku anamulika na ile taa ya bluu. Nilipopewa kioo nililia.

Sasa watu walikuwa wengi kliniki, nimetoka na maelezo mafupi tu: usile vigumu, usile vya rangi. Mimi naonja kahawa kwa mshahara. Tunachota kwa kijiko, tunaivuta kwa nguvu ili itawanyike mdomo mzima, tunatema, tunahamia kikombe kinachofuata, na meza ni ndefu. Keshokutwa natakiwa kazini. Halafu Jumamosi ya wiki ijayo mdogo wangu ana send-off, na hapa kwetu hakuna send-off bila ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma.

Mdomo bado una ganzi. Naweza kula chochote usiku huu? Na hiyo kahawa nifanyeje?

Kidawa wa Ng'ambo:
Hongera sana mdogo wangu, cheka sasa mpaka wachoke. Mimi jino langu moja la mbele lilimeguka pembe, nikajengewa vivyo hivyo, na huku Unguja kila kitu kina rangi. Nilichokiona ni kwamba biriani haijanisumbua, naila, nasukutua, yamekwisha. Ubuyu mwekundu ndio mbaya. Ule unaumumunya, rangi inakaa mdomoni muda mrefu, na ukijitazama kwenye kioo unaona uzi mwekundu pale resini inapokutana na jino lenyewe. Kwa hiyo angalia kitu kinakaa mdomoni kwa muda gani, usiangalie rangi yake peke yake.

Baba Junior:
Pole na hongera dada. Ninavyojua mimi siku tatu ni uji tu, tena kwa mrija, mpaka ile dawa ikauke. Ukitafuna kabla ya hapo inabanduka yote.

Dokta wa Kanda ya Ziwa:
Mwanameru, hongera. Mimi ni daktari wa kinywa na meno. Nianze na la Baba Junior kwa heshima zote, maana wagonjwa wengi wanashinda njaa bure kwa imani hiyo. Resini haingoji kukauka. Ile taa ya bluu inaigandisha papo hapo, kwa sekunde, na ndiyo maana daktari alimulika kila tabaka. Ugumu unaendelea kuongezeka kidogo ndani ya saa 24, lakini unatoka kwenye kiti ukiwa na jino linaloweza kutafuna.

Usiku huu ngoja kwa sababu ya ganzi. Mdomo uliokufa ganzi hausikii moto wala hausikii meno, na nimeshona midomo ya watu waliojitafuna bila kujua. Ikiisha, kula ndizi laini, wali, samaki asiye na miiba mingi, mtori uliopoa. Ukihisi baridi inachoma siku chache za mwanzo usitishike, inapungua yenyewe. Lakini ukiuma na kuona jino moja linatangulia kugusa kuliko mengine, usilizoee. Rudi walisugue kidogo, kwa sababu hilo ndilo litakalomeguka kwanza.

Saa 48 za mwanzo kaa mbali na kahawa, chai ya rangi, mvinyo mwekundu, juisi ya rosela, bizari na sigara. Sigara ni hizo saa 48 na maisha yote. Kwa hiyo kazini, kama kuna namna, omba ruhusa ya siku moja zaidi.

Baada ya hapo kahawa haitaharibu jino, itaharibu rangi. Resini ina vinyweleo vidogo na uso wake hauwi mgumu kama enameli, lile gamba gumu la nje la jino, hivyo rangi inajishika pole pole, hasa kwenye ukingo. Kwa mtu wa kazi yako kitakachoamua ni polishi. Ukipitisha ulimi kwenye yale manne na moja likaonekana na mparuzo, mwambie daktari alipige polishi upya kabla hujarudi mezani. Uso laini haushiki rangi haraka.

Mezani weka glasi ya maji meupe pembeni. Kila baada ya vikombe kadhaa sukutua na utemee humo humo unamotemea kahawa. Usikimbilie mswaki ukishamaliza. Kahawa ina uchachu na enameli inalainika kidogo, kwa hiyo sukutua kwanza, ngoja kama nusu saa, ndipo upige mswaki laini.

Mwanameru wa Moshi:
Dokta shikamoo, na asante mno. Nimepitisha ulimi sasa hivi, la pili kushoto lina mparuzo kweli, karibu na fizi. Nitarudi kesho. Na je, yakianza kubadilika rangi siku za usoni, si naweza kutumia dawa ya kung'arisha meno?

Chuma cha Gerezani:
Dada, unga wa mkaa unatoa kila kitu. Saga, sugulia asubuhi na jioni. Mimi natumia, meno meupe pe.

Dokta wa Kanda ya Ziwa:
Marahaba. Tafadhali sana, mkaa usiguse meno hayo. Unakwaruza resini, unaondoa polishi yote, na ule mkwaruzo ndio unaobeba rangi baadaye. Mtu anaona meupe wiki ya kwanza, kisha anapata meno yaliyofifia yasiyong'aa.

Dawa za kung'arisha nazo hazibadilishi rangi ya resini. Zinang'arisha jino la asili tu, kwa hiyo ukizitumia utaishia na meno ya jirani meupe kuliko haya manne. Anayetaka kung'arisha hutangulia kung'arisha, anasubiri kama wiki mbili, ndipo anajengewa. Kwako njia ni moja: polishi kliniki, na pakimeguka au pakishika doa lisilotoka, sehemu hiyo inaondolewa na kujazwa upya bila kubomoa jino zima. Kazi ya aina hii kwa kawaida hukaa miaka mitano hadi saba, wengine zaidi. Sitaki nikuahidi ya milele.

Jingine linalokuhusu wewe wa Maji ya Chai. Enameli iliyoathirika na floraidi haikubali tindikali ya daktari kirahisi kama enameli ya kawaida, hivyo gundi inaweza isishike kwa nguvu ile ile. Ndiyo sababu nakusihi uende kukaguliwa kila miezi sita hata kama huoni tatizo.

Mama Ndesamburo wa Kibosho:
Mwanangu hongera. Nataka niseme la ndafu maana hapo ndipo mtu anaponzwa na furaha. Mwambie anayekata akukatie minofu, ikatwe vipande vidogo, utie kwa uma na utafune na magego. Ubavu wa kung'ata usiuguse, wala usivunje mfupa kutafuta uboho. Hakuna atakayekuona umeringa. Mbege, pombe yetu ya ndizi, sina hakika nayo, Dokta atatuambia.

Dokta wa Kanda ya Ziwa:
Mama umesema vyote. Meno ya mbele yaliyojengwa kwa resini hayachukii chakula, yanachukia kung'ata na kukwanyua. Muwa, mahindi ya kuchoma kwenye gunzi, barafu, kisigino cha mkate mkavu, kucha, kufungua soda kwa meno: hayo ndiyo yanayoniletea watu wakiwa na kipande mkononi kwenye karatasi. Embe na tufaha kula, ila kata kwa kisu kwanza. Mbege ina uchachu na kilevi, kikombe kimoja cha sherehe na maji juu yake si tatizo. Pombe kali ya kila siku ni tatizo, inalainisha uso wa resini. Na dawa ya kusukutua chagua isiyo na kilevi.

Kidawa wa Ng'ambo:
Na chai je, Dokta? Huku chai ya rangi ni asubuhi, mchana na jioni.

Dokta wa Kanda ya Ziwa:
Tia maziwa, yanapunguza kushika kwa rangi. Na inywe uimalize. Kikombe kimoja cha kulambalamba mezani kwa muda wa saa tatu ni kibaya kuliko viwili vya kunywa na kuondoka. Ndicho ulichokisema mwenyewe kuhusu ubuyu.

Mwanameru wa Moshi:
Bosi kanikubalia nianze Jumatatu. Swali la mwisho kabla sijawachosha: nina mtoto wa miaka mitatu, na bibi yake bado anapika makande kwa magadi. Nimwambie aache?

Dokta wa Kanda ya Ziwa:
Hilo lisingoje hata kesho. Magadi ya kwenu huwa na floraidi, na meno yake ya kudumu yanajengeka sasa hivi ndani ya fizi, kazi inayoendelea mpaka kama miaka minane. Wewe magadi hayakuletei doa jipya tena, yeye yanamletea. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, yataiva bila magadi. Na ulizia maji mnayokunywa kama yamepimwa: kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Kuchemsha hakutoi floraidi, kwa hiyo yakizidi mtafutie mtoto maji ya chanzo kingine, ya mvua mkiweza, ya kunywa na ya kupikia.

Mwanameru wa Moshi:
Nampigia bibi yake sasa hivi.