Barabara ya mtaa imeoza, jibu ni "fedha hakuna": ombi liandikweje TARURA?

Mwana_Kata

Wakuu, salaam. Mji wetu ni halmashauri ya mji, si manispaa. Barabara ya kutoka stendi kupita sokoni hadi kituo cha afya ina mita 1,900. Mita 1,500 ni lami nyepesi, mita 400 za mwisho ni udongo. Kwenye lami tumehesabu mashimo 60, mengi ya mita 1 kwa sentimita 80. Mtaro wa upande wa soko umejaa mchanga na mifuko. Kamati ya maendeleo ya kata imeomba lami mpya mara tatu, na jibu ni lile lile, fedha hakuna. Kuna mfuko gani mwingine, na ombi liandikweje lisirudi?

Kipimo

Mkuu, kwanza hakikisha barabara ni ya nani. Tangu Julai 2017 barabara za mitaa ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, si kwa mkurugenzi wa mji. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, hata zikikatiza katikati ya mji; pale Korogwe, kwa mfano, ile ya kwenda Moshi si ya halmashauri wala ya TARURA. Nenda kwa Meneja wa TARURA wa wilaya uulize kama barabara yenu imo kwenye mtandao uliosajiliwa, kwa jina gani na urefu gani. Wakati mwingine mita 400 za mwisho kama hizo zenu hazimo kabisa, na kipande kisichosajiliwa hakipangiwi hata shilingi. Kama hazimo, anzeni na hilo: ombi lipite Baraza la Madiwani, lifike Bodi ya Barabara ya Mkoa.

Pili, na hapa ndipo barua zenu zinapokwama, mnaomba lami mpya. Fedha za Mfuko wa Barabara, zile zinazokatwa kwenye kila lita ya mafuta, kwa sheria angalau asilimia 90 ni za matengenezo. Lami mpya ni maendeleo, inagombea kile kidogo kinachobaki. Shilingi 100 kwa lita iliyoongezwa mwaka 2021 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini imesaidia, ila mtandao wa TARURA una zaidi ya kilomita 144,000. Foleni ni ndefu mno.

Gawanyeni ombi kwa lugha wanayopangia bajeti: kusafisha mtaro na kuziba viraka ni matengenezo ya kawaida, mita 400 za udongo ziombeni kama sehemu korofi, yaani kipande kibaya kinachotengenezwa peke yake. Kuweka upya tabaka la lami kwenye zile mita 1,500 ni matengenezo ya muda maalum. Hilo liwe ombi la mwaka unaofuata.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na Bunge la bajeti linakaa Aprili hadi Juni. Barua ya Mei imechelewa mwaka mzima. Pelekeni mahitaji Oktoba au Novemba, wakati mpango unaandaliwa, na diwani awe na nakala mkononi.

Mkazi wa Sokoni

Wakati tunasubiri, si tuchange wenyewe lori mbili za kifusi tujaze mashimo? Hata wiki moja inatosha.

Greda_Kuu

Ndugu, msifanye hivyo kwenye lami. Kifusi cha matofali na udongo kinashika maji kama sponji. Magari yanakikandamiza, maji yanasukumwa chini ya lami iliyo nzima pembeni, na baada ya mvua moja shimo la sentimita 80 linakuwa la mita mbili. Halafu kifusi chenyewe kinasombwa mpaka mtaroni.

Kiraka sahihi: kata kingo ziwe wima na umbo la mstatili, ukiingia mpaka kwenye lami ngumu. Toa kila kilicholegea, fagia, paka lami ya majimaji chini na kwenye kuta, jaza lami ya moto, shindilia. Shimo likizidi kina cha sentimita 7 jaza kwa tabaka mbili. Kiraka kisipokatwa kingo kinang'oka kipande kizima, unakikuta kando ya barabara kama chapati.

Hesabu yenu: mita 1 × 0.8 × kina cha sentimita 5 ni mita za ujazo 0.04. Mara 60 ni 2.4. Lami iliyoshindiliwa ina uzito wa kama tani 2.4 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ni tani 6 kasoro, weka 6.5 kwa upotevu. Andikeni namba hiyo. Tani 6.5 ni mzigo wa lori moja, na ofisa akiona hivyo ni vigumu kusema haiwezekani.

Nguvu za wananchi pelekeni kwenye mtaro, kwa kukubaliana na TARURA kwanza. Angalieni na vivuko vya kuingilia nyumbani: bomba la milimita 300 linaziba haraka na koleo haliingii. Liwe la 600.

Mwana_Kata

Ahsanteni sana. Na zile mita 400 tuandike moramu (udongo wa changarawe) kiasi gani? Mfuko wa jimbo unaweza kusaidia?

Kipimo

Upana mita 5, unene sentimita 15 baada ya kushindilia: 400 × 5 × 0.15 ni mita za ujazo 300. Moramu iliyolegea zidisha kwa 1.3, ni 390, yaani tripu 39 za lori la mita za ujazo 10. Mgongo wa barabara uwe na mteremko wa asilimia 5, maji yakimbilie pembeni. Wakimwaga moramu kabla ya kuchimba mtaro, ikataeni kazi.

Mfuko wa jimbo ni mdogo, kamati yake inaongozwa na mbunge. Msiuombee moramu. Uombeeni kalavati moja pale maji yanapokatiza kabla ya kituo cha afya, mabomba ya milimita 900 pamoja na kuta za mwisho pande zote mbili. Bila hizo kuta maji yanachimba ubavuni na bomba linabaki linaning'inia. Angalieni pia kama mji wenu umo kati ya miji 45 ya TACTIC, mradi wa serikali wa kuboresha miundombinu ya miji. Kama umo, barabara ya stendi na soko ndiyo ya kuiwekea lami mpya kule, na barua zenu tatu za mwanzo zipelekeni huko.

Greda_Kuu

Ongeza picha za mtaro zilizopigwa mvua ikinyesha, futi kamba ikionekana. Picha za kiangazi hazionyeshi maji yanapita wapi.