Mafundi mziki wa magari Dodoma: wati 3500 kwenye fyuzi ya ampea 25, mnatuona mazuzu?

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira.

Gari ni Toyota IST. Nilichokuwa nataka ni kidogo sana. Spika za milango ya mbele zilikuwa zimechanika, na redio iliyokuja na gari kutoka Japani inashika FM kuanzia 76 hadi 90 tu, wakati huku kwetu stesheni zinaanzia 87.5 mpaka 108. Maana yake ukitoka Dodoma kwenda Kondoa unasikiliza matairi. Nikaenda kwenye duka moja la mapambo ya magari hapa mjini. Jina nalihifadhi, nikiliandika wasimamizi watafunga uzi na nyie hamtasoma lolote.

Nikamwambia fundi kwa Kiswahili cha kawaida kabisa: nataka sauti safi, nimsikie mtangazaji anasema nini na rhumba niisikie gitaa lake. Sina shida ya kutikisa vioo vya majirani. Mambo haya siyajui, nielekeze.

Kwenye hilo la "siyajui, nielekeze" nikaona macho yamemng'aa.

"Mheshimiwa," akaanza. (Dodoma hii ukishuka kwenye gari umevaa shati la mikono mirefu tayari wewe ni mheshimiwa, na bei inapanda hapo hapo.) "Mheshimiwa, spika peke yake ni kupoteza hela. Chukua mashine hii, wati elfu tatu na mia tano, bufa la inchi 12, ukifungulia hapa wanasikia Kibaigwa." Boksi lenyewe lina picha ya moto na namba 3500 imeandikwa kubwa kuliko jina la kampuni. Redio mpya, amplifaya, bufa, spika nne, waya na ufundi, jumla zikakaribia laki saba na nusu. Risiti? Kikaratasi cha mkono chenye mhuri uliofifia: "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Risiti ya EFD nikaambiwa mashine iko kwa matengenezo. Sawa.

Sasa tuanze na hizo wati, maana hapa ndipo watu wengi tunapoingizwa mjini.

Amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, haina kiwanda cha umeme ndani. Inatoa kile inachopewa na gari, tena pungufu, kwa sababu sehemu inapotea kama joto. Gari likiwa linawaka, umeme ni volti 14.4 hivi. Geuza ile amplifaya ubavuni, utaona fyuzi. Yangu ina fyuzi moja ya ampea 25. Zidisha: 14.4 mara 25 ni wati 360. Hizo ndizo zinazoweza kuingia kwa kuendelea bila fyuzi kuungua. Hii yangu ni ya daraja AB, aina ambayo kwa makadirio inatoa nusu tu au zaidi kidogo ya kinachoingia. Weka wati 200. Gawa kwa chaneli nne, kila spika inabaki na wati 50 hivi. Hizo 3300 nyingine ziko wapi? Ziko kwenye wino wa boksi.

Na ingekuwa kweli ni wati 3500, ingehitaji ampea zaidi ya 240. Alteneta ya gari dogo kama IST inatoa labda ampea 70 au 80 kwa jumla, na hapo kuna taa, feni, AC na kompyuta ya gari vyote vinasubiri zamu. Mtu anayefanya kazi hii kila siku hajui hilo? Anajua vizuri sana.

Marekani wana kipimo kinaitwa CTA-2006: amplifaya inapimwa kwa volti 14.4, mzigo wa ohm 4, mkwaruzo usiozidi asilimia 1, ndipo namba inaandikwa. Mkiona boksi halina hata neno RMS (wati za kuendelea), lina namba ya kilele tu (ya mpigo wa kufumba na kufumbua), jueni mnauziwa boksi.

Tuje kwenye batri. Ijumaa jioni nimeegesha nyumbani Ilazo, wikiendi sikutoka. Jumatatu nawahi Mtumba kazini, nageuza ufunguo: tik tik tik, kimya. Nikampigia. "Mheshimiwa, batri yako imechoka, mziki huu unataka batri kubwa." Nikanunua batri. Wikiendi iliyofuata hadithi ileile. Nikampigia tena, sasa dawa ikawa kapasita. Kapasita inasaidia mpigo mmoja wa besi unapohitaji umeme wa haraka. Haizuii kitu kinachonyonya batri usiku kucha. Ila bei yake anaijua kichwani.

Nikamwita shemeji yangu, fundi umeme wa majumbani tu, hajawahi kufunga redio ya gari maishani mwake. Akaja na mita yake. Gari limezimwa, ufunguo uko mfukoni mwangu, amplifaya imepata joto na kitaa chake kinawaka. Ikiwaka hivyo bila kupiga chochote inakunywa kama ampea moja. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni saa sitini. Hizo ni ampea-saa (Ah) sitini, na batri ya gari dogo kama hili ni ya Ah 35 mpaka 45. Batri ipi itabaki hapo?

Sababu yenyewe ni ya aibu. Nyuma ya redio za kununua kuna waya wa bluu wenye mstari mweupe, kazi yake ni kuiamsha amplifaya redio inapowashwa na kuilaza redio inapozimwa. Wa njano ni umeme wa kudumu, wa kumbukumbu za redio. Fundi wangu ule wa bluu ameuacha unaning'inia, waya wa kuamsha unaotoka kwenye amplifaya kauunga kwenye wa njano. Kwa hiyo amplifaya hailali. Na ameuunga kwa kusokota na vidole, juu kapiga tepu nyeusi. Mnalijua jua la Dodoma gari likishinda nje mchana: gundi imelainika, tepu imejikunjua yenyewe, waya uko wazi nyuma ya redio.

Tukasema kwa kuwa tumeshaanza, tufungue kila kitu. Afadhali tusingefungua.

Waya mkubwa unaotoka kwenye batri kwenda kwenye amplifaya umepitishwa kwenye tundu la bati kati ya injini na dashibodi. Tundu limetobolewa kwa drili, halikupigwa msasa, halina hata mpira wa kuzuia. Ukingo wa bati umeshaanza kuukata ule waya. Plastiki nyekundu imechanika kama urefu wa punje ya mchele na ndani panang'aa. Shemeji akaushika, akanitazama, akaniuliza fyuzi ya huu waya iko wapi. Tukafuata kuanzia batri. Hakuna. Waya umefungwa moja kwa moja kwenye kichwa cha batri na kwenda zake.

Kwa asiyeelewa hatari yake: fyuzi iliyoko kwenye amplifaya inailinda amplifaya. Ule waya mrefu wa kupita chini ya kapeti unalindwa na fyuzi inayokaa karibu na batri, isizidi sentimita 45 hivi. Waya ukigusa bati bila hiyo fyuzi, batri inamwaga ampea mamia kwa mkupuo, waya unakuwa mwekundu chini ya kapeti, na juu ya kapeti wamekaa watoto wako. Kifuniko cha fyuzi na fyuzi yake ni hela ya chipsi kuku. Mtu kapokea laki saba na nusu yangu akabana hela ya chipsi kuku!

Na waya wenyewe ni uchakachuaji. Kwa nje mnene, unaweza kudhani ni geji 4 (kipimo cha waya mnene). Tukaukata ncha: plastiki ndiyo nene, ndani nyuzi chache. Ukizikwangua kwa kisu rangi ya shaba inatoka, chini ni nyeupe, alumini iliyopakwa shaba. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, kwa hiyo inatakiwa iwe nene zaidi, siyo nyembamba. Waya wa hasi nao umefungwa kwenye boliti ya siti juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme, jamani, hata mwanafunzi wa form two anajua.

Spika sitazisemea sana. Twita mbili (zile spika ndogo za sauti nyembamba) zimekufa kwa sababu jamaa alizungusha kitufe cha geni kwenye amplifaya mpaka mwisho na besi mpaka mwisho ili siku ya kukabidhi anivutie kwa kishindo. Geni siyo sauti, ni ya kulinganisha amplifaya na redio. Ukiijaza, mawimbi yanakatwa vichwa na twita zinaungua. Anajua pia.

NYONGEZA baada ya kusoma majibu yenu:

Anayesema "ungesoma kwanza Google", hapana mkuu. Nikienda hospitali sisomei udaktari kwanza. Nilisema sijui, nikalipa anayejua. Kosa siyo langu na silipokei.

Anayesema IST siyo gari la mziki: redio mpya ya kawaida iliyoandikwa 50x4 (wati 50 kwa spika nne) inatoa kama wati 20 za kweli kwa kila spika. Spika nzuri za mbele za inchi 6.5, zifungwe kwenye ringi ya mbao au plastiki (za Toyota nyingi zimepigwa ribiti, zinatobolewa), mlango uzibwe matundu, basi. Hicho ndicho nilichoomba. Theluthi ya hela ingetosha, na buti langu lingebaki la kubebea zabibu.

Aliyeuliza kuhusu sheria: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia. Barua naandika, na picha za boksi na fyuzi nimeshapiga.

Ninachoomba kwenu: kuna fundi Dodoma anayekubali mteja asimame pembeni aangalie, anayefunga fyuzi kwenye batri bila kuombwa, na anayepima kwa mita badala ya kulamba waya? Hata kama yuko Kizota ndani ndani huko nitamfuata. Andikeni eneo tu, namba za simu msiweke hapa.

Na wewe fundi, najua unapita humu. Redio yangu ya Kijapani uliyosema ni takataka utanisaidia kuitupa, jana nimepita nimeiona kwenye kioo chako, ile ile yenye kitufe cha sauti kilichochubuka, umebandika elfu themanini. Ishushe. Jumamosi asubuhi nakuja kuichukua na shemeji.