Mdogo wangu ana mpox na anauguzwa nyumbani: tumhudumieje bila kuambukizwa?

Muulizaji

Habari zenu, ndugu. Mdogo wangu alianza kwa homa, maumivu ya mgongo na mitoki iliyovimba, na siku ya tatu akatokwa na vipele usoni na viganjani. Tulidhani ni tetekuwanga, hadi sampuli ya vipele ilipothibitisha kuwa ni mpox, yaani ule ugonjwa uliokuwa ukiitwa ndui ya nyani. Kwa kuwa hali yake si mbaya, ameruhusiwa kuuguzwa nyumbani, lakini nyumba ina vyumba viwili tu, na humo yumo mwanangu wa miaka 4 na mke wangu mwenye mimba ya miezi sita. Naomba kuelimishwa: unaambukizwaje hasa, una dawa gani, na ni lini hataweza tena kuambukiza? Majirani nao wanauliza alikutana na nyani wapi.

Muuguzi

Pole sana, ndugu yangu, na mmefanya vyema kumpima, kwa maana magonjwa haya mawili huchanganywa mara nyingi. Tetekuwanga kwa kawaida haivimbishi mitoki, na vipele vyake hutoka kwa mafungu, juu juu ya ngozi, vikijaa zaidi kifuani na mgongoni. Vya mpox huzama ndani, ni vigumu ukivigusa, na hutokea hata viganjani, nyayoni, mdomoni na sehemu za siri. Wapo pia wanaotokwa na kipele kimoja au viwili tu bila homa, na hao ndio wanaotupita bila kutambuliwa.

Waelezeni majirani kwamba jina linapotosha. Virusi hivi vilitambuliwa mwaka 1958 kwa nyani wa maabara nchini Denmark, lakini wanaoshukiwa zaidi kuvihifadhi porini ni wanyama wa jamii ya panya. Leo wengi huambukizwa na binadamu mwenzao, kwa kugusana ngozi na ngozi, kubusiana, kujamiiana, kukaa karibu uso kwa uso kwa muda, au kutumia shuka na taulo za mgonjwa.

Mpeni mgonjwa chumba chake peke yake, na mkeo asimhudumie hata kidogo, kwa sababu virusi vinaweza kumfikia mtoto aliye tumboni na kuiharibu mimba. Ahudumiwe na mtu mmoja, mwenye barakoa na glavu, anayenawa kwa sabuni kila atokapo. Mgonjwa mwenyewe afunike vipele na avae barakoa akitoka chumbani.

Kuhusu dawa, sitaki kukupa tumaini la uongo. Tecovirimat, iliyotarajiwa sana, ilifanyiwa majaribio katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kuwa haikuharakisha kupona kwa vipele. Hata hivyo, wagonjwa waliolazwa na kuuguzwa vizuri katika majaribio hayo, waliopewa dawa na wasiopewa, walikufa wachache kuliko ilivyozoeleka. Kwa hiyo mnyweshe maji ya kutosha, mpe parasetamoli ya maumivu, vipele viwe safi na vikavu, wala asivitumbue. Akiumwa jicho, akishindwa kunywa au kupumua vizuri, mrudisheni hospitali mara moja.

Niliyewahi kuugua

Naongeza jambo la mashuka, kwa kuwa kwetu ndilo lililotutisha. Kila asubuhi nilikuta magamba madogo ya kahawia kitandani, na mtu wa kwanza kutandika aliyakung'uta shuka kama kawaida, bila kujua kuwa virusi vimo ndani ya magamba hayo. Tangu hapo shuka ilikunjwa taratibu kuelekea ndani, ikatiwa mfukoni na kufuliwa peke yake kwa maji ya moto na sabuni.

Kipele changu cha mwisho kilikuwa kisiginoni. Homa ilikwisha wiki ya kwanza na nikajiona mzima, lakini niliambiwa nisubiri hadi kila gamba lidondoke lenyewe na ngozi mpya iote chini yake, jambo ambalo huchukua wiki 2 hadi 4. Baada ya hapo niliagizwa kutumia kondomu kwa wiki 12.

Muulizaji

Nashukuru sana. Kuna jambo linaninyima usingizi: usiku ule wa kwanza wa homa, siku 6 zilizopita, kabla vipele havijatoka, mwanangu alilala kitanda kimoja naye.

Muuguzi

Toa taarifa kituoni leo hii, usingoje kesho, kwani mwenye homa huweza kuambukiza hata kabla ya vipele. Uliza kama kuna chanjo inayoweza kutolewa kwa mtoto wa umri wake. Baada ya kugusana na mgonjwa hufaa zaidi ndani ya siku 4, ingawa kwa asiye na dalili huweza kutolewa hadi siku ya 14. Dalili huweza kuchelewa hadi siku 21, kwa hiyo kila jioni mpime joto, mkague mdomo, viganja na nyayo, na kwa sasa asiende shule wala kucheza na wenzake. Mkeo naye mtajeni hapo hapo kituoni, ili daktari ampangie ufuatiliaji wake.