Django ina karibu kila kitu ndani, kwanini tunajaza pakeji za watu?

Wakuu heshima kwenu. Kuna jamaa napiga naye kazi kaniambia eti anayejenga mfumo kwa vile vinavyokuja na Django (fremu ya Python ya kujengea mifumo ya wavuti) peke yake ni mvivu wa kujifunza, fundi anajulikana kwa pakeji, yaani kodi zilizoandikwa na watu wengine. Nimemkatalia, nawaletea nyie muamue.

Mimi yamenikuta. Nilirithi mfumo wa saccos fulani, faili la requirements, ile orodha ya pakeji mfumo unazotegemea, lina pakeji hamsini na ushee, zingine hata aliyeziweka hakumbuki za nini. Django 3.2 ilipoishiwa sapoti Aprili 2024 nikasema nihamie 4.2, nikijua ni kazi ya jioni moja. Nawasha seva, ImportError, ugettext (ya kutafsiri maandishi) haipo. Kumbe ilishafutwa tangu Django 4.0 na anayeiita wala sio mimi, ni kipakeji cha kutolea ripoti ambacho mwenyewe alishakitelekeza zamani. Na kazi yake ni nini? Kuandika CSV, jedwali la maandishi matupu! Python inakuja na csv humo humo ndani, mistari sita umemaliza. Siku tatu zangu zikaenda hivyo. Hapo sijataja left-pad, kipakeji cha JavaScript, Machi 2016 mwenyewe kaiondoa kwenye npm (ghala la pakeji za JavaScript), mistari 11 tu, projekti kibao duniani zikagoma kujengeka.

*Mchangiaji wa kwanza:*
Mkuu umesema kweli ila nusu. Hizo CSV zako mhasibu akizifungua kwenye Excel namba ya simu 0754 inageuka 754, sifuri imeliwa, halafu unapigiwa simu wewe saa mbili usiku. Openpyxl inaandika xlsx na sifuri inabaki, kwahiyo hiyo nayo ni pakeji ya mvivu? Halafu hata nyaraka za Python zenyewe kwenye urllib, ya kufungulia anwani za wavuti, zinakuelekeza kwenye pakeji ya requests. Masaa ya kanda nayo tulikuwa tunategemea pakeji ya pytz mpaka zoneinfo ilipokuja na Python 3.9 mwaka 2020, tungekaa tunasubiri?

*Mchangiaji wa pili:*
Mnabishania ripoti, mi naogopa login. Kuna dogo nimemkuta kachomoa auth (sehemu ya login) ya Django kaandika yake, pasiwedi anazihifadhi kwa md5 kavu, njia rahisi kuvunjwa, bila chumvi (herufi za nasibu za kuongezea kila pasiwedi), wakati Django inakupa PBKDF2, njia ngumu zaidi kuvunja, bila hata kuomba. Kwenye pasiwedi sitaki ubunifu wa mtu.

*Mwanzisha mada:*
Hahaha hiyo ya sifuri umenipiga bao mkuu, imenitokea kabisa nikamlaumu mhasibu wa watu. Sawa, openpyxl naiacha. Ila bado nauliza, kabla ya pip install (amri ya kusakinisha pakeji) nani hapa huwa anaangalia kwanza mwenye pakeji mara ya mwisho kaigusa lini? Maana mimi kwa zile hamsini nimeanza kupitia moja moja, nimefika ya kumi na nne na saba nimeshazifuta, mfumo unatembea vilevile.