Naomba ushauri: mpwa wangu kahojiwa polisi bila mzazi

Habari zenu ndugu, hasa mnaozijua sheria za watoto. Mpwa wangu wa miaka 15 anatuhumiwa kuiba simu ya mwenzake. Alihojiwa polisi bila mzazi wala wakili, akasaini maelezo ambayo, nikimsikiliza, sidhani hata aliyasoma. Sasa yuko nje kwa dhamana.

Wazazi wametengana, mahakama ilimpa baba haki ya malezi, na hapokei simu. Ofisa ustawi wa jamii katuambia tungoje tarehe.

Ibara ya 40 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inakataza mtoto kulazimishwa kukiri kosa. Je, maelezo yale yanapingwaje mahakamani? Na mama anaweza kumwekea wakili bila idhini ya baba?