Klabu ya judo chuoni, tunapataje hela ya tatami (magodoro ya kuangukia)?

Kucha_Moja:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mweka hazina wa klabu ya judo chuoni kwetu hapa Dar, tupo 23, wadada 7, mwalimu tunaye na anajitolea, shida yetu ni pa kuangukia. Tunatumia vile vipande vya sponji vya kuchomekeana tulivyorithi kwa watu wa aerobiki, vimechoka, ukiingia seoi nage, ile ya kumtupa mtu kupitia begani, vinaachana katikati na chini ni terazo. Juzi mwenzetu anageuka, kidole gumba cha mguu kikazama kwenye ule upenyo, kucha ikabaki huko huko. Barua za udhamini tumepeleka 14. Kampuni moja ikatuita, tukavaa tai kabisa, tukakalishwa mapokezi masaa mawili halafu tukaambiwa wao wanadhamini mpira tu. Tunatafuta kama milioni 3 na nusu. Waliowahi kuchangisha mlifanyaje? Msiniambie niandike proposal jamani nitalia.

mzee_wa_randori:
Pole na kucha. Hiyo milioni 3 na nusu mmepigia eneo gani? Maana vijana wengi wanakopi eneo la mashindano, 8 kwa 8, na tatami ni mita 1 kwa 2 kwa hiyo zinakwenda 32. Mazoezi hayadai yote hayo, 6 kwa 6 ni tatami 18, kwenye randori, yaani mazoezi ya kupigana huru, nusu wanapigana nusu wanahema pembeni, yaishe. Halafu zungushieni fremu ya mbao, fundi seremala anawafanyia kwa hela ndogo tu, tatami haziachani tena hata mkitupana mpaka usiku.

Hela sisi tulipata kwa uchikomi. Kila mwanachama anatafuta watu 10 wa kumchangia shilingi 10 kwa kila uchikomi moja, yaani unaingia kama unataka kumtupa mwenzako ila humtupi. Shilingi kumi nani atakataa? Siku yenyewe unapiga 1000, seti za hamsini hamsini mnapokezana na mwenzako, kila mchangiaji anajikuta ana deni la msimbazi, elfu kumi. Watu 10 hiyo ni laki kwa mwanachama mmoja. Sisi tulifanya mwezi wa Machi, kesho yake hakuna aliyeweza kuinua mkono kupiga mswaki.

Dada_Obi:
Ya uchikomi nzuri ila angalia TAREHE. Ukifanya wakati watu wanaishi kwa mihogo utapata ahadi tupu. Subirini boom, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, litoke, ndani ya siku tatu nne za mwanzo, baada ya hapo hela imeshahamia kwenye simu mpya na viatu.

Na mna wadada 7 halafu mnalia njaa? Hao ndio mtaji. Fungueni darasa la kujilinda Jumamosi mbili, wadada wa hosteli buku mbili mbili, wafundishwe na wadada wenzao, kuchomoka mtu akikushika mkono, kuanguka bila kuvunja kiwiko. Sisi tulitegemea 30 wakaja mpaka tukawagawa zamu mbili, na watano walibaki wakawa wanachama wanaolipa ada. Wakaka msijazane kuangalia, mnafukuza wateja.

pwani_mchangani:
Huku kwetu Unguja judo ya zamani kidogo, sensei Shimaoka Mjapani ndiye aliyeianzisha, kwa hiyo nisikilizeni. Kabla hamjapata hiyo hela msikae bure mkang'oana makucha. Mwageni maranda ya mbao ndani ya fremu, yashindilieni sawasawa, juu yake turubai zito mlivute mpaka likaze kama ngoma. Maranda kwa maseremala mnapewa bure, mnabeba na magunia yenu.

mzee_wa_randori:
@pwani_mchangani maranda nayajua sheikh, ila mvua moja tu yanavunda na turubai linachuna viwiko. Ya muda sawa.

pwani_mchangani:
Ndiyo nilivyosema, ya muda. Soma vizuri mzee wangu.

ChapoMbili:
Salamu kutoka Nairobi. Sisi tuliuza chapo na madondo nje ya hosteli kila Ijumaa, pesa iliingia poa lakini ilikuwa inaenda kwa simu ya mtu mmoja na huyo mtu akafunga semista na sisi tukabaki na sufuria. Fungueni laini ya klabu, watu wawili wajue, na kila jioni picha ya salio iende kwa grupu hata kama ni mia mbili. Pia ulizeni chama chenu cha judo cha taifa, shirikisho la kimataifa huwa linatuma tatami na gi (mavazi ya judo) kwa vyama, pengine ziko zilizotumika. Mlikuwa na mtu Paris 2024, Mlugu wa kilo 73, chama kipo hai.

Kucha_Moja:
Mungu awabariki. Tumekaa kikao leo, fremu ya 6 kwa 6, maranda wiki ijayo, darasa la wadada na uchikomi boom likitoka. Swali moja tu, mtu akisaini shilingi 10 halafu nikimaliza 1000 aseme alidhani ni 100 namfanyaje?

Dada_Obi:
Andika kwenye fomu "mwisho 10,000" kwa herufi kubwa, asaini hapo hapo chini yake. Na siku hiyo nenda kudai ukiwa bado na gi limelowa jasho, usioge kwanza.